Kabla hujasema "mtandao unasumbua", tazama saa

Najua nimekuwa kimya muda mrefu. Mitihani ilinibana, halafu tukawa tunasubiri bumu, na mtu anayesubiri bumu hana nguvu ya kuandika kitu chochote zaidi ya meseji za kukopa. Leo nimekaa chini kuandika kwa sababu ya jirani yangu wa kitanda cha juu hapa hosteli. Tangu asubuhi anaipiga laptopu yake kwa kiganja na kurudia maneno ambayo nimeyasikia toka hapa chuoni mpaka Nyamisati: "Mtandao unasumbua." Wakati huo huo simu yake ipo pembeni ya mto, inatumia intaneti ile ile, inacheza video bila kukwama hata sekunde. Lakini ati mtandao unasumbua.

Nasema wazi, sentensi hiyo imetuharibu. Ni kama zile enzi ambazo kila homa ilikuwa malaria. Ukishasema mtandao unasumbua umemaliza kazi, hakuna swali linalofuata, unakaa kusubiri. Na kusubiri kwenyewe hakulingani. Mimi nikisubiri hapa chuoni nakosa video. Kuna watu wakisubiri wanakosa mwaka mzima wa maisha yao. Ngoja niwape kisa.

Agosti 2025 nilikuwa nyumbani Kibiti kwenye mazoezi ya kufundisha. Kwa wasiopajua, Kibiti ni pale unapopita ukitoka Dar kwenda Lindi na Mtwara, kabla hujafika Ikwiriri na Daraja la Mkapa. Zamani tulikuwa ndani ya wilaya ya Rufiji, siku hizi ni wilaya yenyewe, na vijiji vingi vya delta viko kwetu. Mtu wa delta akitaka huduma ya maana inabidi apande boti kwa kufuata maji, ashuke Nyamisati, atafute bodaboda au gari mpaka Kibiti mjini. Maji yakipwa mikono ya mto inageuka tope, boti inalala ubavu, nawe unakaa kwenye mikoko unahesabu mbu. Kule huwezi kumwambia mtu "rudi kesho" kwa wepesi unaomwambia mtu wa Sinza.

Basi Alhamisi tarehe 7, kesho yake ikiwa Nane Nane, nilikwenda stesheneri moja jirani na stendi kutoa fotokopi ya andalio la somo. Mnazijua stesheneri zetu: fotokopi, picha za pasipoti, kuchaji simu, barua za maombi ya kazi, na msimu ule foleni ya vijana wa kidato cha sita wanaojaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Kwenye benchi nikamkuta dogo mmoja amekumbatia bahasha ya kaki. Katoka ndani kabisa ya delta. Ile ilikuwa siku yake ya tatu pale. Jumanne aliambiwa mtandao unasumbua, rudi kesho. Jumatano vivyo hivyo. Alikuwa analala kwa mama yake mdogo na alishaanza kuila nauli ya kurudia.

Nisimwonee dada wa stesheneri, maana alihangaika kweli. Alikuwa amezima kompyuta na kuiwasha. Amebadilisha laini. Amehamisha kile kimodemu mpaka dirishani, akakiweka juu ya kopo la maziwa ili "kikamate". Amefuta historia yote ya kivinjari, na kwa kufanya hivyo amefuta maneno ya siri ya wateja wote yaliyokuwa yamehifadhiwa humo. (Usiniulize kwa nini maneno ya siri ya wateja yalikuwa yamehifadhiwa kwenye kompyuta ya dukani. Mengine yameandikwa kwenye kauntabuku, ukurasa kwa ukurasa, jina na neno la siri pembeni yake. Hilo nitaliandikia siku nyingine nikiwa na hasira za kutosha.) Kila akifungua ukurasa wa maombi anapata ile pembetatu nyekundu ya hatari na maandishi ya Kiingereza chini yake. Anafunga. Anafungua tena. Anafunga.

Nikamwomba nikae mimi. Kusema ukweli sikuwa fundi, nilikuwa mtu mwenye kiherehere tu. Nikamuuliza, "Dada, simu yako ukiiunga kwenye kimodemu hicho hicho, ukurasa huo unafunguka?" Akajaribu. Ukafunguka. Sasa hapo wadau, simameni kidogo. Kwa jaribio la nusu dakika mtandao umeshaachiwa huru mahakamani. Tovuti nayo imeachiwa huru. Mshtakiwa amebaki mmoja, ile kompyuta. Siku tatu watu walikuwa wanalaumu mnara, bando, mawingu na ofisi za Dar, na hakuna aliyejaribu kutenganisha kitu na kitu.

Swali la pili: ni tovuti moja au zote? Tukajaribu nyingine nne. Karibu zote zinagoma kwa pembetatu ile ile.

Swali la tatu ndilo ambalo hakuna aliyeuliza: imeandika nini? Nikasoma kwa sauti. Mwishoni kulikuwa na msimbo umeandikwa ERR_CERT_DATE_INVALID. Hata kama Kiingereza kinakupiga chenga, hapo katikati kuna neno DATE, na neno hilo kila mwanafunzi wa Tanzania ameliandika juu ya daftari tangu shule ya msingi. Nikatupa macho kwenye kona ya chini kulia. Kompyuta ilikuwa inasema leo ni tarehe 1 Januari 2009, saa sita na dakika arobaini usiku.

Niwaeleze jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu hata mimi siku ile nilikuwa naijua nusu nusu. Tovuti yenye kufuli ina cheti. Cheti kinasema mimi ndiye tovuti fulani, nimeanza kutambulika tarehe kadhaa, mwisho wangu tarehe kadhaa. Kivinjari kikipokea cheti kinakilinganisha na saa ya kompyuta yako. Hakina saa nyingine. Sasa chukua askari wa getini ambaye kalenda yake ukutani ni ya 2009, wewe unampa kitambulisho kilichotolewa Juni 2025. Atakuangalia kwa jicho la aina gani? Kwake hicho kitambulisho bado hakijazaliwa. Anakurudisha, na kwa kweli anafanya kazi yake vizuri sana. Kivinjari hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinatii saa mbovu.

Na saa ilikuwa mbovu kwa sababu ya kibetri. Kompyuta ya mezani ina betri ndogo mfano wa kifungo cha shati, imekaa kwenye ubao wake mkuu, kazi yake kubwa ni kuifanya saa itembee umeme ukiwa haupo. Inaitwa CR2032, yaani upana milimita 20 na unene milimita 3.2. Ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta inasahau leo ni lini na kurudi tarehe iliyozaliwa nayo kiwandani. Na umeme kwetu unakatika, hilo halina siri, ingawa mto unaozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, ndio huo huo Rufiji wetu. Haya bwana.

Mtu atasema, mbona kompyuta hujirekebisha saa yenyewe kwa intaneti? Hujirekebisha, ndiyo, lakini Windows ya kawaida ya nyumbani hufanya hivyo mara moja kwa wiki, na saa ikiwa imepotea zaidi ya saa 15 inakataa kujisahihisha, inaona tofauti ni kubwa mno haiwezi kuwa ya kweli. Kwa hiyo saa iliyopotea dakika tano inasaidiwa. Iliyopotea miaka kumi na sita inaachwa ilivyo. Hapo hata mimi nilicheka, maana ndivyo ilivyo na mikopo.

Tukaenda kwa fundi saa pale sokoni, akatuuzia betri, tukafungua boksi, tukatoa ya zamani kwa ncha ya bisibisi, tukaweka mpya. Ukiwasha baada ya hapo unaingia kwenye ukurasa ule mkavu unaotokea kabla Windows haijaamka, unaandika tarehe. Nikaandika kwa kujiamini kabisa, watu watano wamenizunguka, 07/08/2025. Windows ikaamka, kona ya chini ikasoma 7/8/2025. Nikafungua tovuti ya kwanza, ikafunguka. Ya pili, ikafunguka. Dada akapiga makofi. Dogo akasimama na bahasha yake. Nikafungua ukurasa wa maombi.

Pembetatu nyekundu.

Sasa hapa ndipo nilipojidhalilisha, na ndiyo sababu hasa ya kuandika habari hii. Sikusoma. Mimi niliyekuwa nawapa watu darasa la kusoma, sikusoma kilichoandikwa. Saa nilishaitengeneza mimi mwenyewe, kwa hiyo haiwezi kuwa saa. Nikafunga, nikafungua. Nikafuta historia. Nikabadilisha laini. Nikakirudisha kimodemu juu ya kopo la maziwa. Na baada ya kama saa moja na nusu nikasema, kwa sauti ya kitaalamu, "Unajua nini, huu mfumo wao umezidiwa. Mtandao unasumbua."

Dogo alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Akaweka kidole karibu na kioo, pale nilipokuwa nimepitisha mshale wa kipanya juu ya saa na tarehe ikajitokeza kwa kirefu. Akasema, "Samahani kaka. Leo si Alhamisi?"

Kompyuta ilikuwa imeandika Tuesday, July 8.

Ukurasa ule mkavu unaanza na mwezi, Kimarekani. Mimi nimeandika tarehe saba mwezi wa nane, yenyewe imeelewa mwezi wa saba tarehe nane. Kwenye kona inasoma 7/8, na macho ya Mtanzania yanaona 7/8 yanaridhika. Sisi tunangoja Nane Nane, kompyuta ndiyo kwanza imetoka kwenye Saba Saba. Siku thelathini nyuma. Ndiyo maana baadhi ya tovuti zilifunguka na nyingine zikagoma: zile ambazo vyeti vyake vilitolewa kabla ya Julai 8 zilipita, ambazo zilibadilisha vyeti ndani ya mwezi ule zikaonekana hazijazaliwa bado. Ni kosa baya kuliko la kwanza, maana la 2009 linaonekana na kipofu, hili limevaa nguo za ukweli. Na mtoto wa delta ameliona kwa sababu hakutazama tarakimu, alitazama siku ya wiki. Kwao siku za kwenda na kurudi zinahesabiwa na maji, bamvua na maji mafu. Mtu wa namna hiyo hapotezi Alhamisi.

Tukarekebisha. Ukurasa ukafunguka. Dogo akajaza, akalipa, akatuma fomu jioni, gari la Nyamisati limeshaondoka, akalala usiku wa nne. Nilimpa nauli kidogo kwa aibu zaidi kuliko ukarimu.

Lakini siyo yeye anayenikosesha raha. Wakati tunafunga boksi nilimuuliza dada, hizo siku tatu umewarudisha wangapi? Akaanza kuhesabu kwa vidole. Yule wa Mchukwi. Wale wasichana wawili. Mama mmoja aliyekuja kwa niaba ya mwanawe. Mmoja aliyesema anarudi zake delta, atajaribu mwakani. Akafika kidole cha saba akaacha. Namba zao za simu hakuwa nazo. Hakuna hata mmoja wao aliyeambiwa kwamba tatizo ni betri ya dukani. Wote waliondoka wakijua kwamba mtandao unasumbua, na pengine wakijua kwamba mambo haya ya intaneti siyo ya watu wa kwao.

Sasa nije kwenye hoja. Najua kuna mtu ameshaanza kunung'unika: we kijana, unataka wananchi wawe mafundi? Tatizo la kweli ni miundombinu. Nakubali nusu. Mtandao kweli husumbua. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika siku moja, nchi yetu ikawa kati ya zilizoumia zaidi, na hapo hata ungebadilisha betri ishirini usingepata kitu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Hizo siku hakukuwa na la kuuliza kivinjari. Lakini angalieni, hata siku hizo kivinjari hakikusema uongo. Mtandao ukikatika kinasema hakuna muunganisho, kule kwenye Chrome kinakuchorea na yule dinosaria. Jina la tovuti likikosa kutafsiriwa kuwa anwani, kinasema habari za DNS. Tovuti ikiwa kimya, kinasema imechelewa kujibu. Cheti kikiwa na shaka, kinasema cheti. Ni magonjwa manne tofauti na kila moja lina maandishi yake, ila sisi tumeyapa dawa moja, kufunga na kufungua.

Tena kuna dawa ya pili mbaya zaidi. Chini ya onyo lile huwa kuna njia ya kusema endelea hivyo hivyo. Stesheneri nyingi nilizopita ndiyo njia wanayoitumia, na tovuti nyingine hazikubali, lakini zinazokubali zinapita. Umemzoesha mtu kwamba pembetatu nyekundu ni kelele tu. Siku tapeli akiweka ukurasa wake wa bandia wa benki, onyo litatokea kwa haki kabisa, na mtu wako atalipita kama alivyozoea. Bora ukose ukurasa siku hiyo.

Halafu mambo haya hayaendi kupungua. Wakubwa wa vivinjari na watoa vyeti walikubaliana mwaka 2025 kufupisha umri wa vyeti: vinavyotolewa kuanzia Machi 15, 2026 visizidi siku 200, kuanzia Machi 2027 siku 100, kuanzia Machi 2029 siku 47. Zamani kidogo vilikuwa vinafika siku 398. Maana yake vyeti vitakuwa vinabadilishwa mara nyingi, na saa iliyochelewa mwezi mmoja, kama ile niliyoichelewesha mimi, itagonga tovuti nyingi kuliko ilivyogonga siku ile. Kompyuta yenye betri mfu Kibiti itaumia zaidi kuliko kompyuta mpya ya Masaki, ingawa waliokaa kwenye meza ya makubaliano hawakuwa na nia mbaya.

Na kompyuta yenyewe ile ilikuwa ya Windows 7. Microsoft iliacha kuipa masahihisho ya usalama Januari 2020. Chrome ya mwisho inayokubali humo ni namba 109, ya Januari 2023. Nilimwambia dada kwamba hata betri ikiwa mpya, ipo siku tovuti zitaanza kugoma kwa sababu nyingine kabisa. Akanijibu, "Ninunulie basi mwalimu." Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Nimesoma somewea hivi majuzi neno kivinjari limetokana na nini, nikafurahi peke yangu. Kuvinjari ni kuzungukazunguka kwa doria, hasa manowari majini. Sasa delta yetu inajua habari za kuvinjari kuliko sehemu yoyote ya pwani hii. Septemba 20, 1914 meli ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar, kisha mtambo wake ukaharibika, ikaja kujificha ndani ya mikoko ya Rufiji. Waingereza wakawa wanavinjari nje kwenye midomo ya mto kwa miezi mingi, mpaka Julai 11, 1915 ilipoharibiwa kabisa. Kipande ninachokipenda ni kile cha mtambo. Vifaa vya boila vilivyoharibika vilifunguliwa, vikavutwa kwa nchi kavu na wapagazi wa Kiafrika mpaka karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikavutwa tena kurudi. Fikiria chuma kile, jua lile, matope yale, na wavutaji hawakuwa na vita yoyote na Mwingereza. Ni dhulma tupu. Lakini angalau aliyewatuma alijua ni chuma gani kimeharibika. Asingesema "meli inasumbua" akavutisha watu meli nzima. Sisi tulimvutisha dogo wa watu siku tatu kwa kibetri cha kifungo cha shati.

Mimi nasomea ualimu, kwa hiyo lawama nazirudisha kwetu. Darasani tulikaririshwa kwamba kivinjari ni programu inayomwezesha mtumiaji kufungua kurasa za mtandao, taja aina nne za vivinjari, alama nne. Nimezitaja, nikapata. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniharibia kompyuta makusudi akaniambia tafuta. Ningekuwa na uwezo ningefundisha kipindi kimoja tu cha namna hiyo: rudisha saa nyuma mwezi mmoja, ondoka darasani, acha watoto wabishane. Haihitaji kompyuta arobaini. Inahitaji moja mbovu, na hizo shule zetu zinazo nyingi.

Suala la lugha nalo lipo na silikwepi. Onyo linakuja kwa Kiingereza, na mtu ambaye miaka yote ameonewa kwa Kiingereza akiona maandishi marefu mekundu anaona anafokewa. Anafunga haraka kama mtu anayefunga mlango. Lakini Chrome inaweza kuwekwa kwa Kiswahili, iko humo kwenye mipangilio, na si wengi wanaojua. Kazi ya kutafsiri programu kwa Kiswahili ina historia hapa hapa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa OpenOffice ya Kiswahili ikaitwa Jambo OpenOffice. Watu walikaa usiku wakibishana neno gani lifae. Leo nikimwekea mtu kompyuta kwa Kiswahili ananiambia rudisha Kiingereza, hii inachanganya. Anarudi kwenye Kiingereza ambacho hakisomi. Kazi kwelikweli.

Yule dogo alinitumia meseji mwezi wa kumi na moja. Yuko mwaka wa kwanza, chuo kingine, mkopo kapata sehemu. Anasema wenzake wa bweni wanamwita fundi kwa sababu kila mtu akilalamika yeye anauliza leo siku gani. Wale saba wa vidole vya dada sina habari zao.

Nilipofika hapa kuandika jirani yangu wa juu akapiga tena laptopu. Nikamuuliza, "Inasema nini?" Akajibu, "Inasema error." Error gani? "Sijui, nimeshaifunga." Nikapanda. Saa iko sawa, siku iko sawa, simu inafungua tovuti ile ile. Nikamfungulia dirisha fiche, ambalo kwa kawaida linafunguka bila vile viongezo mtu alivyovipachika, na ukurasa ukafunguka papo hapo. Kumbe ni kidude cha kupakulia sinema alichoweka wiki iliyopita. Amekiondoa kwa manung'uniko makubwa, maana tamthilia yake alikuwa ameshafika sehemu ya sita.